Sura ya Nne: Mtu Aliyeandika Hqyqt

Karatasi ilikuwa imeshapigwa muhuri kabla Saliha hajafika, na hilo ndilo lililomchefua kwanza. Ililala juu ya meza ya noteri, mthibitishaji wa hati, imeandikwa kwa Kifaransa safi, na chini yake mstari mmoja mtupu ulikuwa unamngoja. Juu ya mstari huo paliandikwa neno moja: *Expert*. Mtaalamu. Yaani yeye.

"Soma haraka tu," alisema noteri mwenyewe, Maître Xavier, akimsogezea kalamu. "Chef Révérien ana kazi zingine. Saa tisa anaenda na ule mama. Ni formalité, utaratibu tu."

Saa ya ukutani ilionyesha saa tano na robo. Kando yake kilining'inia cheti cha kupiga taipu cha mwaka 1984, kimewekewa fremu ya dhahabu, cha Xavier mwenyewe enzi zake za ukarani mahakamani. Kila mteja aliyeingia humo alisomewa cheti hicho apende asipende.

"Ule mama" alikuwa humo humo chumbani na masikio yake yote mawili. Aliitwa Hayat. Alikuwa ametunza mafaili ya ofisi hii, katikati ya mji wa Bujumbura, kwa miaka kumi na mmoja, na sasa alikuwa amekalishwa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, mkoba magotini, kama mtu aliyekuja kuomba kazi. Pembeni yake alisimama Révérien, afisa wa polisi ya mahakama, mtu mnene asiye na papara, chupa ya soda mkononi. Pingu zilining'inia kiunoni mwake.

Saliha akasoma. *Mimi, mtaalamu wa kompyuta niliyetia saini hapa chini, nathibitisha kwamba Madame Hayat alilifunga kwa makusudi faili la viwanja vya Buterere na kuiharibu nakala yake.* Hakuwa amewasha kompyuta hata moja, na tayari alikuwa amethibitisha.

Akairudisha kalamu ilikotoka.

"Mi sijaona kitu, Maître."

"Utaona. We saini kwanza, tusipoteze muda."

"Apana. Naona kwanza, halafu nasaini kile nimeona."

Noteri alicheka kwa pua. Alikuwa mtu wa Kiriri, mwenye nyumba ya kuutazama mji kutoka juu, na alikuwa amemchagua Saliha kwa sababu zake. Polisi walitaka saini ya mtaalamu. Yeye akatafuta mwanamke anayetengeneza kompyuta Buyenzi, kwenye kibanda kilichobanwa kati ya gereji mbili, mwenye grisi ya majirani mpaka kwenye viatu. Mtu wa namna hiyo, alijisemea, hasumbui. Hakujua kwamba Saliha aliwahi kusaini karatasi kama hii mara moja, miaka tisa iliyopita, katika ofisi ambayo hakuitaja tena, na kwamba kuna mtu alifungwa kwa saini ile. Tangu siku hiyo hakuwa anapokea kalamu za kuletewa.

"Chef," akamgeukia Révérien, "saa tisa bado. Naweza kuangalia?"

Révérien akaitazama saa, akaitazama soda yake. "Angalia. Mi siko na haraka ya kukosea."

Kisa chenyewe kilikuwa rahisi kusimulia. Mwaka ule maji yalipojaa, stoo ya ofisi ililowa pamoja na sehemu nzima ya chini ya mji. Hayat alizitoa karatasi moja moja, akazikausha kwa pasi, akazipiga picha na kuziweka kwenye seva. Karatasi nyingi zilioza baadaye hata hivyo. Mojawapo ilikuwa ramani ya viwanja vya Buterere, kandokando ya mashamba ya mpunga, inayoonyesha nyumba ipi ni ya nani. Kesho asubuhi ramani hiyo ilitakiwa mahakamani, kwa sababu kuna mtu aliyeitaka ardhi ile na alikuwa anadai hapajawahi kukaa mtu. Na tangu Jumatatu faili la ramani lilikuwa limegoma kufunguka.

Aliyekuwa na ufunguo wa kila kitu ni Hayat. Kwa hiyo, kwa hesabu ya Maître Xavier, mwizi ni Hayat.

"Twende ku kompyuta yako, dada," Saliha alimwambia.

Hayat alisimama. Révérien naye alisimama wima zaidi, kisha akawafuata.

Kompyuta ya Hayat ilikuwa ya Windows, ya zamani, herufi za kibodi yake zimefifia. Saliha alifungua sanduku la Buterere. Mafaili arobaini na mawili. Akabofya la kwanza, likafunguka. La pili, likafunguka. Akabofya lililoitwa *Plan général*, ramani yenyewe.

*Accès refusé.* Huruhusiwi kuingia.

"Umeona?" alisema Maître Xavier kutoka mlangoni. "Amefunga."

"Moja tu," Saliha alisema. "Mutu mwenye kuchukia ofisi angefunga kabati yote. Huyu amefunga karatasi moja." Akamgeukia Hayat. "Lini uligusa hii faili mara ya mwisho?"

"Kuigusa? Mwaka ule wa maji. Niliiweka, basi. Kusoma nimesoma, kubadilisha apana. Wallahi, dada, sijui hata kufunga inafungwaje."

"Sema Wallahi yako mahakamani," Xavier alidakia.

"Nitasema!" Hayat alimgeukia mzimamzima. "Nitasema mbele ya kila mutu, Maître. We utasema nini?"

Saliha alimpenda kwa jibu lile.

Seva ilikuwa kwenye chumba cha nyuma, chini ya meza, sanduku jeusi lenye feni inayonguruma na kitambaa cha sala kilichokunjwa juu yake. Ilikuwa ya Linux. Saliha alichomeka kioo na kibodi, akaingia kwa neno la siri la msimamizi, ambalo Révérien alikuwa amelichukua mwenyewe kutoka kwenye bahasha za maneno ya siri ndani ya kasiki ya noteri. Akaiomba seva imwonyeshe mafaili yote ya sanduku la Buterere, kila moja na jina la mwenyewe.

Orodha ikashuka. *hayat. hayat. hayat. hayat.* Mistari arobaini na mmoja yenye jina hilo. Kisha mmoja ambao haukuwa na jina kabisa. Ulikuwa na namba tu: 501.

"Chef, sogea hapa."

Révérien aliinama mpaka soda ikakaribia kumwagika.

"Seva haijui sura ya mutu," Saliha alimwambia. "Inajua namba. Kila mufanyakazi amepewa namba yake humu. Maître ni elfu moja. Hayat ni elfu moja na mbili. Sasa hii faili iliyogoma, mwenyewe ni mia tano na moja. Tazama orodha ya watu wa humu. Iko wapi mia tano na moja?"

Révérien alikipitisha kidole chake kwenye kioo, polepole, jina kwa jina.

"Haiko."

"Haiko. Njo maana seva imeshindwa kuandika jina. Na ruhusa ya faili inasema hivi: mwenyewe tu asome, wengine wote wakae inje. Sasa mwenyewe ni mutu asiyekuwa humu. Basi kila mutu wa orodha hii yuko inje. Hata Hayat. Hata Maître."

"Kwa hiyo ni shetani?"

"Apana. Ni mugeni aliyekuja na namba ya kwao." Saliha aliinuka, akajipangusa magoti. "Linux inaanza kuhesabu watu kwa elfu moja. Windows haihesabu hivyo kabisa. Iko machine moja tu ninayoijua inayompa mutu wake wa kwanza namba mia tano na moja. Ni Mac. Humu ndani nani ana Mac?"

Hayat aliangalia sakafu. Hakutaka kuwa yeye wa kulitaja jina hilo.

"Amur," alisema Maître Xavier kwa sauti mpya kabisa. "Ni Amur."

Amur alikuwa mshirika mdogo wa noteri, kijana wa miaka thelathini, wa familia ya zamani ya maduka, Waarabu wa Omani ambao babu zao walizikwa papa hapa Bujumbura. Alipoitwa alikuja ofisini kwa Maître akiwa amebeba Mac yake kwapani, tabasamu usoni, na tabasamu likaondoka aliposimuliwa.

"Mi? Da Saliha, mi nina shida gani na Buterere?"

"Seva ina milango miwili," Saliha alisema. "Wa mbele unauliza jina na mot de passe, neno la siri, watu wa Windows wanapita pale. Wa nyuma umefunguliwa kwa ajili ya Mac yako."

"Ndio, fundi alifungua mwaka jana. Mac yangu ilikuwa inagombana na ule wa mbele kila asubuhi. Akaniwekea njia yake, nikapumzika."

"Alikuwekea njia isiyouliza jina. Inatazama namba tu, na namba inaletwa na Mac yenyewe. Halafu akaruhusu sanduku yote kila mutu aingie, aweke, atoe." Saliha alitikisa kichwa. Mafundi wa namna hiyo aliwajua: kila wakikuta mlango mgumu wanang'oa bawaba, wanaita hiyo kazi. "Faili hii iliwekwa Jumamosi iliyopita, saa nane na dakika hamsini na mbili muchana. Ulikuwa wapi?"

"Jumamosi? Harusi ya binamu yangu, Buyenzi! Mutaa muzima uliniona. Jumamosi mi naachaka machine hapa ofisini, juu ya meza."

"Imefungwa kwa mot de passe?"

Amur alifumba macho. "Apana. Haina."

"Basi walikula njama!" Xavier alipiga meza. "Chef, chukua wote wawili. Huyu alitoa machine, huyu mama akatumia. Na preuve ninayo, ushahidi, nilikupa." Alichomoa karatasi kwenye jalada la Révérien, akaibamiza mezani. "Daftari ya serveur, inaandika kila anayejaribu kuingia. Jumamosi, saa nane na dakika arobaini na mbili, kutoka ku ile Mac: *hayat*. Dakika arobaini na tatu: *hayat*. Jina lake! Mara mbili!"

Hayat aliivuta karatasi na kuisoma.

"Mi Jumamosi nilikuwa nyumbani," alisema kwa sauti ndogo. "Nafua."

"Nani alikuona?"

Hakuna aliyemwona. Révérien alihamisha chupa kutoka mkono huu kwenda ule. Saa ya ukutani ilikuwa imefika saa saba na nusu.

Saliha aliichukua karatasi ile kwa ncha za vidole. Kweli, mara mbili *hayat*, na kila mara seva ilijibu kwamba neno la siri si sahihi. Lakini karatasi ilikuwa imekatwa juu kwa mkasi. Mkato ulikuwa umenyooka mno, na hapo ndipo alipokasirika sawasawa. Alirudi chumba cha nyuma bila kuaga, akalifungua daftari lenyewe kwenye seva, akapanda mstari mmoja juu ya pale karatasi ilipokatwa.

Saa nane na dakika arobaini na moja. Kutoka kwenye Mac ile ile. Mtumiaji asiyejulikana: *hqyqt*.

Alikaa akiitazama. Kisha akacheka peke yake, kicheko kifupi cha hasira.

Alipotoka alikwenda moja kwa moja kwenye kibodi ya Hayat. Herufi ya kwanza juu kushoto: A. Akaenda kwenye kompyuta ya mapokezi: A. Ya Maître Xavier: A. Zote zilikuwa kibodi za Kifaransa, kama nusu ya mji huu. Akaifunua Mac ya Amur. Juu kushoto: Q. Mahali ambapo mkono wa Kifaransa umezoea kuikuta A, hapa ipo Q.

"Hii umeitoa wapi?" alimuuliza Amur.

"Dubai. Mjomba alinileteaga. Clavier, hii kibodi, ni ya Kiingereza, mwanzoni ilinitesa."

"Sasa?"

"Sasa natazama herufi tu. Kidole kimoja kimoja."

Saliha aliiweka Mac katikati ya meza ya noteri, akaisukuma kando ile karatasi yenye muhuri.

"Nataka sentensi moja kutoka kwa kila mutu," alisema. "Moja tu. *Madame Hayat a bloqué le dossier.* Yaani, Hayat amefunga faili. Kila mutu aandike hapa, mbele ya chef."

"Mchezo gani huu?" Xavier alisema.

"Mchezo wa mutu ambaye bado hajasaini."

Amur alianza. Aliandika kwa vidole viwili, macho chini, kama kuku anayedonoa mtama. Ilimchukua muda, lakini sentensi ilitoka bila kosa. Kisha Hayat. Aliinamia kibodi, akaitafuta A, akaikuta si mahali pake, akaguna. "Clavier gani hii? Mi nilijifunza mwenyewe, bila kutazama siwezi kitu." Naye aliitafuta kila herufi kwa macho. Alipofika kwenye *a bloqué* alisimama, kisha akaiandika hivyo hivyo. Ilitoka sawa. Aliifuta kwa nguvu zaidi kuliko alivyoiandika.

"Maître," Saliha alisema.

"Mi siigusi. Sijawahi kuigusa ile machine, na sitaanza leo kwa amri ya fundi wa Buyenzi."

"Sentensi moja haiumi, Maître," Révérien alisema taratibu. Kwa mara ya kwanza alikuwa ameiweka chupa chini.

Xavier alitazama huku na huku. Hakuna aliyeshusha macho. Basi akavuta kiti, akaketi, akakunja mikono ya shati. Saliha alijua atafanya nini kwa sababu cheti kilikuwa juu ya kichwa chake tangu asubuhi. Mtu wa cheti kile hatazami kibodi. Kutazama kibodi ni aibu. Xavier alimkazia yeye macho, kumwonyesha kwamba hamwogopi, na vidole vyake vyote kumi vikaondoka kwa pamoja, haraka, vizuri, bila kusita hata mahali pamoja.

"Haya," alisema. "Soma."

Saliha aliigeuza Mac kumwelekea Révérien.

*:qdq;e Hqyqt q bloau2 le dossier*

Révérien alisoma kwa midomo. Akasoma tena.

"Hqyqt," alijaribu kulitamka. "Hii ni nini?"

"Ni Hayat," Saliha alisema, "ikiandikwa na mutu aliyejifunza clavier ya Kifaransa, asiyetazama vidole, ku machine ya Dubai. Sasa njoo uone kile ambacho mutu amekata kwa mukasi."

Alimpeleka kwenye seva, akamwonyesha mstari. Wote waliwafuata, Xavier nyuma kabisa. Saliha hakunyanyua sauti.

"Jumamosi amekuja peke yake, ofisi imefungwa. Anataka kuingia na jina ya Hayat, ili kesho watu waseme ni Hayat. Mara ya kwanza anaandika *hqyqt*, seva inasema simujui. Anaona kosa, anarekebisha jina. Lakini mot de passe haionekani, inaandika nukta tu. Vidole vinakosea tena na hajui. Mara mbili. Basi anaacha. Halafu anaona ku kioo ya Mac ile njia nyingine, iko wazi, haiulizi kitu. Anapita pale."

"Na mot de passe ya Hayat aliipata wapi?" Révérien aliuliza.

"Chef, zile bahasha zinakaa kasiki ya nani?"

Révérien alimtupia noteri jicho. Aliandika kitu kwenye kidaftari chake.

"Upuuzi," Xavier alisema. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. "Ningefunga faili yangu mwenyewe kwa nini? Kesho natakiwa mahakamani nayo."

"Hukutaka kufunga, Maître. Ulitaka kubadilisha." Saliha aliigusa kibodi, kwa ruhusa ya msimamizi faili lile likafunguka mara moja, mbele yao, kirahisi kabisa. Ramani ya Buterere. Mashamba ya mpunga, barabara, mtaro, na kando ya mtaro eneo jeupe, tupu, bila kiwanja hata kimoja. "Umetoa ile ya kweli, umeweka hii ya yule anayedai hapajakaa mutu. Ungepita salama. Lakini ulipoiweka kwa Mac, Mac ikaiandika namba yake na ikaifunga, bila kukuuliza. Jumatatu umekuta haifunguki ku Windows ya mutu yeyote, hata yako, na Hayat amekwisha kupiga kelele. Ukashikwa na woga, ukamutafutia mutu wa kubeba."

Hayat alikuwa amekisogelea kioo mpaka pua inakaribia kukigusa.

"Watu wako wapi?" alisema. "Hapa palikuwa na watu. Kiwanja cha tisa, Fatouma, mujane. Nilikausha karatasi yake kwa pasi, mi mwenyewe. Wako wapi?"

"Hawapo," Xavier alisema, na sauti yake ilibadilika ikawa ya mtu anayefunga duka. "Hawapo, na hakuna wa kuonyesha kwamba walikuwepo. Vidole! Utaenda kwa jaji kumusomea vidole? Copie ya Hayat, nakala yake ku disque, imekufa. Mi mwenyewe niliiweka ile disque ku Mac, ikasema haisomeki. Imekufa. Basi ramani ni hiyo."

Feni ya seva ilinguruma. Amur ndiye aliyeielewa sentensi hiyo kwanza.

"Ku Mac?" alisema. "Mac gani, Maître? Si hujawahi kuigusa?"

"Disque iko wapi?" Saliha aliuliza.

Révérien alirudi ofisini, wote nyuma yake, akafungua jalada lake, akatoa bahasha ya kaki iliyopigwa lakiri. Juu yake alikuwa ameandika mwenyewe siku ya Jumanne: *Kielelezo cha pili. Disque, mbovu. Imeharibiwa na mshukiwa.* Aliikata lakiri kwa kisu cha mfukoni, akaandika saa, akamkabidhi.

"Dada," Saliha alimuuliza Hayat, "hii disque uliianza namna gani?"

"Fundi aliichomeka ku serveur siku ya kwanza, serveur ikaitengeneza. Kila Ijumaa nachomeka, inakopi, natoa, naweka ku kabati yangu."

"Basi inaongea lugha ya seva." Saliha alitoa mkobani laptopu yake, iliyofungwa kwa raba ya baiskeli, kioo kimepasuka pembeni. Ilikuwa ya Linux kama seva, kwa sababu aliifufua yeye mwenyewe kutoka jalalani. "Mac haiijui lugha hiyo. Ukiiwekea, inasema haisomeki. Haisemi imekufa. Hilo umesema we."

Alichomeka. Taa ndogo ya bluu ikawaka. Kwa muda hakikutokea kitu, na Hayat alishika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili. Kisha sanduku likajitokeza kwenye kioo kilichopasuka, na ndani yake Ijumaa zote, moja chini ya nyingine. Saliha alifungua ya mwisho. *Plan général.* Ilifunguka.

Viwanja ishirini na saba kando ya mtaro, kila kimoja na jina lake, karatasi imejikunja pembeni, na katikati alama ya kahawia ya pasi iliyokawia sekunde moja zaidi.

Hayat alilia. Alilia wazi, bila kujificha uso, huku akiwataja mmoja mmoja kwa kidole. Alipofika kiwanja cha tisa alicheka na kulia kwa pamoja.

"Unajua mi ni nani?" Xavier alimwambia Saliha, chinichini. "Unajua ninaweza kufunga kibanda yako kesho asubuhi?"

"Funga, Maître. Wewe ni fundi wa kufunga." Saliha hakumtazama hata. Aliivuta ile karatasi ya asubuhi, yenye muhuri wake mzuri na Kifaransa chake safi, akaipindua. Upande wa pili ulikuwa mweupe. Akatoa kalamu yake mwenyewe mkobani na kuanza kuandika: namba 501, saa, dakika, mstari uliokatwa, sentensi yenye Q tano, disque na siku ilipofunguliwa. Aliandika alichokiona, na chini akatia saini kubwa kuliko kawaida yake. Muhuri wa noteri ulikuwa umepenya karatasi na ulionekana kwa nyuma, kinyumenyume.

Saa tisa kamili Révérien alimalizia soda yake. Akafungua pingu kiunoni.

"Twende."

Hayat alisimama. Alijifunga vizuri ushungi, akachukua mkoba, akanyoosha mgongo. Miaka kumi na mmoja alikuwa amesimama kila alipoitwa katika chumba kile.

"Si we, mama," Révérien alisema. "We kaa."

Alimpita, akaenda upande wa pili wa meza, na mlio mdogo wa chuma ukasikika chini ya cheti cha taipu. Kisha akavuta kiti, akafungua kidaftari chake cha maelezo, akamgeukia yule aliyekaa kwenye kiti cha plastiki. Ilibidi aandike jina la shahidi wa kwanza. Alipiga kalamu kwenye karatasi mara mbili.

"Jina?"

Hayat alimtazama Maître Xavier machoni, sawasawa.

"Andika vizuri, chef," alisema. "Hayat. A ni mbili. Q hakuna."